Maziwa ya Kinsi

Ugaso aliagiza mtoto aliyelala, akaletewa mtoto aliye macho.

Alidhani kakosea mwenyewe. Akayasoma upya maelezo aliyoiandikia programu ya kuchora picha: mtoto mchanga wa kike, Msomali, amelala fofofo, kafungwa nguo nyeupe, yuko mapajani mwa mama yake, chetezo cha udongo kando, mwanga wa asubuhi. Hakikupungua kitu. Akabonyeza tena. Kiduara kikazunguka, na picha ikaanza kujitokeza kama kawaida yake, kutoka ukungu mpaka sura. Nguo nyeupe ilikuwapo, chetezo kilikuwapo, mapaja ya mama yalikuwapo. Mtoto alikuwa macho, na alikuwa akimtazama Ugaso, si yule mama wa pichani aliyempakata.

"Wifi, hebu njoo."

Filsan, dada mdogo wa mumewe, alitokea jikoni na kipande cha mkate wa anjero mkononi, mafuta ya ufuta yakimchuruzika mpaka kiwikoni. Umri wa kuolewa ulikuwa umemfika na kumpita kidogo, na mama yake alisema kilichofukuza wachumba ni ule mdomo.

"Nimemwambia alale," Ugaso alisema.

"Na kuna mtoto gani wa ukoo wetu aliyewahi kuambiwa lala akalala?" Filsan aliinama kutazama, huku anatafuna. "Mzuri, lakini. Mwache hivyo hivyo. Mabibi wa Malmö watalia leo mpaka barafu iyeyuke."

Walikuwa wanalia kweli. Blogu ya Ugaso ilihusu zile siku arobaini za mzazi, na waliokuwa wakiisoma zaidi ni wanawake wa Kisomali waliozalia ughaibuni, kwenye hospitali safi zisizo na mama mkwe wa kuwapigia kelele. Aliwaandikia namna ya kumkanda mtoto kwa samli, supu ya mzazi inavyopikwa, kwa nini kisu huwekwa chini ya mto na kwa nini udi hufukizwa kabla ya magharibi. Maneno alikuwa nayo. Picha ndizo zilizomshinda. Hargeisa nzima hakuna mama ambaye angekubali mwanawe asiyetimiza arobaini apigwe picha aonwe na watu asiowajua, na Ugaso mwenyewe asingethubutu hata kuuliza. Kijicho hakiombi visa.

Ndipo Filsan alipomwonyesha hii programu. Unaiandikia unachotaka, inakuchorea. Hata Mama Dahabo, mama yake Filsan na mkwewe Ugaso, ambaye alikuwa na hofu na kila kitu chenye waya, alizitazama picha akaridhika.

"Hao waonwe tu," alisema. "Hao hawana mama."

Mwanzoni programu haikujua kitu. Ukitaja Msomali, inakuletea ngamia. Ukiiambia iondoe ngamia, inaleta mtoto mwenye sura ya watu wa kwingine kabisa, na ngamia kajificha dirishani. Ugaso akajifunza kueleza kwa kirefu. Paji pana la uso. Nywele laini zilizolala kama zimelowa. Sikio la kushoto lililokunjika kwa juu, kama sikio la mtu aliyelilalia. Hakuhitaji kukaa akifikiri, yalimtoka tu, na sura ilipokamilika, yeye na Filsan na Mama Dahabo, wote watatu walimjua yule mtoto.

Alizaliwa humo humo ndani mwaka uliopita, akaishi mpaka mkesha wa siku ya kupewa jina. Kondoo alikwisha kufungwa uani. Homa ikamchukua alfajiri, na kabla jua halijakolea wanaume walikuwa wamemkafini na kuondoka naye kama inavyopasa, na msikitini akatangazwa kuwa ni binti wa Diriye, mumewe Ugaso. Kondoo akarudishwa sokoni. Jina hakuna aliyeliuliza, maana jina hutolewa siku kondoo anapochinjwa, na aliyekuwa nalo ni Ugaso peke yake. Lilikuwa jina la marehemu mama yake, na alikuwa amelificha akisubiri siku yenyewe ifike. Kinsi.

Sasa, programu ile ili iikumbuke sura moja kutoka picha hadi picha, inataka uihifadhi, na ukitaka kuihifadhi inakuuliza jambo moja tu: mpe mhusika wako jina. Ugaso alikaa mbele ya kisanduku kile kitupu. Hakuchinja, hakuomba dua, hakumwita mtu. Aliandika Kinsi, akabonyeza, akalia, na kilio chenyewe kilikuwa na raha ndani yake.

Tangu siku hiyo wasomaji nao wakawa wanamwita. Kinsi kaamkaje leo? Kinsi wetu huyo. Kinsi, njoo Leicester nikubebe. Wengine walitanguliza mashaallah, wengi hawakukumbuka. Maelfu ya watu walikuwa wakimwita mtoto asiyekuwapo, kila siku, kwa jina lake.

Baada ya picha ya mtoto aliye macho, mama wa pichani akaanza kuondoka. Juma la kwanza mikono yake haikuwa imemshika mtoto, imelala tu kando. Juma lililofuata alikuwa ameketi upande wa pili wa mkeka. Kisha alikuwa mlangoni, mgongo kaugeuza, shungi linaonekana na uso hauonekani. Ugaso aliandika: mama amembeba mtoto. Akaandika tena kwa herufi kubwa. Picha iliyokuja haikuwa na mama kabisa. Palikuwa na sakafu, na nguo nyeupe, na mtoto ameinua mikono yote miwili juu, kuielekea kompyuta.

*Jamani, mbona hamumnyanyui?* aliandika msomaji mmoja wa Minneapolis. *Siwezi kulala kwa ajili ya huyu mtoto.*

Hargeisa wakati wa kiangazi, baada ya chakula cha mchana, ni mji uliofungwa. Maduka yamefunikwa mashuka, wanaume wako kwenye mirungi yao, upepo mkavu unapita na vumbi lake barabarani bila mtu wa kumpiga. Ni saa ambayo wazee hawapendi mtoto mchanga aachwe peke yake, sawasawa na magharibi. Saa hiyo ndiyo Ugaso alipokuwa amejilaza na kusikia mtoto akilia.

Hakikuwa kilio kikubwa. Kilikuwa kile cha mtoto aliyekwisha kulia sana akachoka, anajaribu tu kama kuna mtu. Ugaso aliketi kitako. Kabla hajawaza lolote alihisi kifua kinauma, kizito, kimevimba, na alipojitazama gauni lilikuwa limelowa mbele. Maziwa yake yalikuwa yamekauka tangu mwaka jana.

Mama Dahabo alikuwa amesimama ukumbini, bila viatu, tasbihi mkononi.

"Nani kaja na mtoto humu?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna mtoto, mama."

"Namsikia."

"Labda wa jirani."

"Jirani yetu ni gereji, Ugaso."

Wakatazamana. Kilio kikakatika, kama mtoto aliyesikia watu wanazungumza akanyamaza kuwasikiliza. Mama Dahabo akaenda kuwasha udi. Makaa yalishika, akatia ubani, moshi ukapanda kidogo kisha ukalala, na makaa yakazimika yote kwa mara moja yakawa meusi. Aliwasha tena. Yakazimika tena. Nyumba ikabaki na harufu ya maziwa yaliyochacha, na chini yake harufu nyingine, ya nywele zilizoungua.

"Usiifungue hiyo mashine leo," Mama Dahabo alinong'ona. Ugaso aliitikia, naye akaifungua.

Na siku iliyofuata, saa ile ile ya mji kufungwa, akiwa amelala chali na macho yamefumba lakini usingizi haujamchukua, alihisi godoro linabonyea miguuni, kisha karibu na magoti, kisha kiunoni, kitu kidogo kinachotambaa kwa shida na kupumzika na kutambaa tena, kina mikono ya moto na nyayo za baridi kama kokoto za mtoni, na akataka kupiga kelele na kelele zilikuwa tayari kooni, lakini kilipofika kifuani kilitulia, kikatafuta kwa mdomo huku na huku kama watafutavyo wote, kikapata, kikaanza kunyonya, na Ugaso bin'adamu, mwenye akili zake timamu, badala ya kusoma Ayatul Kursi aliyoijua tangu utotoni aliinua mkono wake polepole akakiwekea kichwa chini ya kiganja ili kisipaliwe, na chini ya kidole gumba akaligusa sikio, na lilikuwa limekunjika kwa juu.

Hakumwambia mtu. Ukweli usemwe: hakuogopa tena. Alianza kuusubiri mchana kama bibi harusi anavyosubiri jioni, akimhimiza Filsan aoshe vyombo upesi, akimwambia mama mkwe akapumzike, na akishafunga mlango wa chumba anaiacha kompyuta wazi sakafuni, picha imejaa kiooni, halafu anajilaza. Alikonda. Mashavu yaliingia ndani, bangili zikawa zinamvuka mkononi. Kwenye simu mumewe Diriye, dereva wa lori la bandarini Berbera, alimuuliza mbona sauti yake iko mbali, naye akasema ni mtandao.

Filsan ndiye aliyefungua mlango. Alikuja kuomba chaja. Akamwona wifi yake ameketi kitandani, mikono kaikunja kupakata hewa, anaimba kile kiwimbo cha kubembeleza ambacho kila mtoto wa Kisomali kaimbiwa. Mbele ya gauni lake kitambaa kilikuwa kikipanda na kushuka peke yake. Na pale kilipopanda na kushuka palikuwa na doa, na doa lilikuwa jekundu.

Filsan aliurudisha mlango, akangoja mpaka magharibi. Ndipo akamwendea mama yake kwenye mswala, akapiga magoti.

"Mama, muite sheikh. Mtoto amerudi. Au si yeye. Mama, mimi ndiye niliyemwonyesha ile programu."

Sheikh Kaarie alikuja kesho yake baada ya alasiri, mtu mnene mwenye kikohozi, akaomba kwanza chai, na chai iwe na sukari. Alisema hapendi kusomea watu tumbo likiwa tupu. Akaomba kuiona picha. Filsan akamgeuzia kompyuta, na sheikh akaiweka chini bilauri yake.

"Huyu namjua," alisema. "Mke wangu humsoma kila Ijumaa. Wanangu wanamwita nyumbani, Kinsi, Kinsi." Akaisogeza kompyuta pembeni. "Kumbe na sisi tulikuwemo."

Alisoma kwa muda mrefu. Mama Dahabo alikuwa amejiandaa kwa mayowe, kwa sauti nzito kutoka kinywani mwa mkwewe, kwa sahani kuvunjika. Hakuna kilichovunjika. Kila sheikh alipovuta pumzi walisikia, kwenye kona nyuma ya sanduku la nguo, kwikwi za mtoto anayejikaza asilie. Sheikh akanyamaza. Alijifuta uso kwa kilemba.

"Nimetoa majini mengi," alisema taratibu. "Yapo ya kiburi, yapo yanayotaka dhahabu na manukato. Huyu ni mtoto. Majini nao wanakufa, nao wanaacha mayatima. Kasikia jina linaitwa, tena na watu wengi, na mama anayelilia. Akadhani anaitwa yeye."

"Basi si abaki?" Ugaso alisema. "Sheikh, hanisumbui. Abaki tu."

"Astaghfirullah! Ujitazame kwanza!" Mama Dahabo alimshika mkono akauinua, bangili ikaanguka mkekani. "Utamlea na nini, na mifupa?"

"Maziwa yamekwisha, mwanangu," sheikh alisema. "Sasa anakunywa damu, na hajui tofauti. Atakumaliza huku anakupenda." Akakohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Yule wa kwanza mlimpa jina gani?"

Mama Dahabo alitazama tasbihi yake.

"Hakuna aliyeniuliza," Ugaso alisema.

Sheikh alitikisa kichwa muda mrefu. Kisha akawaeleza. Wanunue kondoo, wamchinje kama ilivyopaswa, wagawe nyama. Mama aende mwenyewe makaburini, alitaje jina kwa mwanawe, kwa kinywa chake. Jina likishamfikia mwenye haki nalo, huyu wa kuazima hatakuwa na cha kushikia. Na akiwa njiani akisikia sauti, asijibu. Akijibu hata kwa kuguna, atakuwa amemkubali.

"Na nikilichukua jina," Ugaso aliuliza, "yeye atakuwa nani?"

Sheikh Kaarie aliichukua bilauri, chai ilikwisha kupoa. "Hilo usiniulize mimi," alisema, na hakuimaliza.

Diriye alipanda kutoka Berbera na vumbi la safari kwenye nyusi. Walichinja asubuhi uani, kondoo mweupe mwenye kichwa cheusi, na Filsan akaifungua programu aifute ile sura. *Una uhakika?* programu iliuliza. Filsan alimgeukia wifi yake. Ugaso akainamisha kichwa, na Filsan akabonyeza huku anatazama pembeni.

Makaburini Diriye hakubabaika. Vijikaburi vilikuwa vingi, vya mawe matupu, vyote vimefanana, lakini alipita katikati yake moja kwa moja akasimama penye kimoja kilichopandwa mshubiri. Kiangazi kizima hakikudondosha tone, na mshubiri ulikuwa umenenepa majani.

"Nani anaumwagilia?" Ugaso aliuliza.

"Nikipita na lori," alisema Diriye. Akaiangalia mikono yake. "Mimi ndiye niliyemlaza. Nilitaka kumwita kitu nilipokuwa namlaza, nikakuta sina cha kumwita."

Ugaso hakuwa amejua. Walikuwa wamekaa mwaka mzima katika nyumba moja, kila mmoja na nusu yake: yeye jina, mumewe kaburi. Alipiga magoti, akauweka mkono juu ya mchanga uliokwisha kushika joto la jua.

"Kinsi," alisema. "Wewe ndiye Kinsi. Kinsi binti Diriye. Nisamehe, mama. Nimechelewa."

Upepo ulisimama. Nyuma yake, kwenye uzio wa miiba, si mbali, sauti ndogo iliyokuwa ndiyo kwanza inajifunza maneno ilisema:

"Na mimi?"

Mkono wa Diriye ulimshika bega, umebana mpaka unauma. Naye kasikia.

"Na mimi, mama? Mimi nani?"

Maziwa yalimtoka, yakalowesha gauni, yakalowesha shuka lake, yakadondoka mchangani juu ya kaburi, na Ugaso aliuma ulimi wake mpaka akaonja chumvi, akainuka, akatembea, na sauti ikawafuata ukingoni mwa uzio ikiuliza kile kile, mara karibu, mara kama imejikwaa na kuachwa nyuma na sasa inakimbia iwafikie, mpaka walipopanda lori, na Diriye akawasha injini na kuiungurumisha kwa nguvu pasipo haja. Hakujibu. Mama yeyote anayesoma haya ajiulize kama angeweza.

Afya ilimrudia. Makaa yakakubali kuwaka, udi ukapanda mpaka darini. Kwenye blogu wasomaji waliuliza siku nzima, Kinsi yuko wapi, Kinsi mzima? Ugaso aliandika maneno machache bila picha yoyote: Kinsi alikuwa binti yangu, alifariki mwaka jana, kaburi lake lina mshubiri. Rambirambi zikamiminika kutoka Malmö, kutoka Leicester, kutoka kila kwenye barafu. Wanawake wasiomjua walimsomea mwanawe Yasini, na Ugaso akazisoma zote, moja moja, akilia kilio alichotakiwa akilie siku ile kondoo aliporudishwa sokoni.

Ni baada ya hapo alipomkuta Mama Dahabo, mchana mmoja, mji umefungwa, amechuchumaa nje ya geti. Alikuwa anaweka chini kikombe cha bati kilichojaa maziwa ya ngamia.

"Ya nani hayo, mama?"

Mama Dahabo hakugeuka. "Ya paka."

Paka hawakuwa naye, na Mama Dahabo hajapata kupenda paka. Ugaso alisimama pale mlangoni. Yule bibi ndiye aliyemwinua mkono mbele ya sheikh, ndiye aliyehimiza kuliko wote, na sasa mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Nilisema hawana mama," Mama Dahabo alisema. "Nimeyasema kwa mdomo wangu huu."

Wakaingia ndani, wakafunga geti.

Magharibi Ugaso alitoka kukichukua. Kikombe kilikuwa kitupu, kimelambwa kikakauka, na vumbini pembeni palikuwa na alama ya mtu mdogo aliyekaa kitako akingoja. Alikwenda nacho ndani akakiosha. Kesho yake mchana alikijaza mwenyewe.